Panya Alijibu Alichoulizwa

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, imewaokoa wengi, lakini anayeimeza anaijua adha yake: kutolewa damu mara kwa mara, dozi kupandishwa na kushushwa, kuonywa asibadili ghafla kiasi cha mchicha na kisamvu anachokula. Ndiyo maana kampuni ya AstraZeneca ilipoleta zimelagatrani, kwa jina la biashara Exanta, matumaini yalikuwa makubwa. Kidonge kisichodai vipimo hivyo vya kila mara!

Kwa wanyama ilikuwa imefaulu. Jaribio linalotumika sana katika utafiti wa dawa za aina hii ni hili: panya hupigwa nusukaputi, mshipa wa shingo hufunuliwa, kisha kijikaratasi kilicholowekwa kloridi ya chuma hulazwa juu yake. Ukuta wa mshipa huungua, donge hujijenga, na baada ya dakika chache damu husimama. Aliyepewa dawa inayofaa, damu yake huendelea kupita. Ni jaribio zuri, wala silibezi. Ila huuliza swali moja tu, iwapo dawa inazuia donge, tena huulizwa mnyama kijana na mzima, ilhali mgonjwa atakayeandikiwa dawa huenda ni mzee mwenye presha na kisukari.

Hata vipimo vya sumu kwa wanyama havikuonya lolote kuhusu ini. Dawa ikaidhinishwa Ulaya kwa matumizi ya siku chache baada ya upasuaji wa nyonga na goti. Lakini katika majaribio ya watu walioimeza kwa miezi mingi, mambo yalikuwa mengine: takriban wagonjwa 8 katika kila 100 walipandisha vimeng'enya vya ini zaidi ya mara tatu ya kiwango cha kawaida, dhidi ya 1 hivi kwa wasioitumia. Mwaka 2004 Marekani ikakataa kuiidhinisha. Februari 2006, katika jaribio la siku 35, ini la mgonjwa mmoja liliumia vibaya baada ya dozi kwisha, na kampuni ikaiondoa dawa sokoni.

Wa kulaumiwa si panya. Walioyapa majibu yake uzito usio wake ndio waliojidanganya.

Mwaka 2008 watafiti waliripoti kuwa madhara yale yalihusiana na DRB1*07, aina ya jeni ya kinga ya mwili ambayo baadhi ya watu huzaliwa nayo. Panya wa kawaida wa maabara hawana jeni hiyo, na Exanta haijarudi madukani.