Rangi Ambayo Jicho Haliioni

Picha hiyo ilitundikwa sebuleni kwa mama, juu ya televisheni, kati ya picha ya arusi ya dada yangu na kalenda ya kanisa. Ni Nebula ya Orioni, wingu la gesi lililo umbali wa takriban miaka ya mwanga 1,300. Mgeni akiingia, kabla hata chai haijamiminwa, mama humwambia: "Hiyo amepiga mtoto wangu, kule Magadi."

Januari moja nikampeleka akajionee mwenyewe. Sisi ni kikundi kidogo tu: walimu wawili, fundi wa simu, muuguzi, na wengine kama mimi wa kushinda ofisini. Tunachanga pesa za mafuta, tunatoka Nairobi mchana na kufika Magadi jua likielekea kuzama, kwa sababu taa za mji huzifuta nyota hafifu. Kila mmoja huja na alicho nacho: huyu darubini, yule kamera, mwingine chapati na thamosi ya chai.

Mama akainama kwenye darubini, akafumba jicho moja. Alikaa kimya kitambo.

"Naona kama moshi," akasema. "Moshi wa kijivu. Sasa ile rangi iko wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Muuguzi ndiye aliyemjibu. "Mama, jicho lako halina kasoro. Gizani, zile chembe za jicho zinazotambua rangi hulala. Zinazobaki kazini huona mwanga na kivuli tu. Lakini kamera huachwa wazi dakika nzima ikikusanya mwanga, kama vile mtu anavyokinga maji ya mvua. Hidrojeni ya kule hutoa mwanga mwekundu kweli. Ni sisi tusioufikia."

Mama akafikiri. "Kama harufu anayoisikia mbwa na mimi siisikii."

"Hapo hapo, mama."

Yeye aliridhika. Mimi nilirudi Nairobi na swali lake likinikereketa, kwa sababu alikuwa ameshuku mahali pasipo na kosa, na kosa lilikuwepo mahali pengine.

Ebu nieleze jinsi picha hizi zinavyotengenezwa. Hatupigi moja. Ile ya sebuleni ilitokana na picha 240 za dakika moja moja, kutoka kamera tatu za wanakikundi. Picha moja pekee imejaa chenga, kama televisheni za zamani zilizokosa mawimbi. Ukizirundika juu ya nyingine, chenga hupungua na kilichopo kweli hubaki. Picha 100 hupunguza chenga mara 10. Setilaiti ikipita na kuacha mstari kwenye picha moja, programu huufuta mstari huo kwa kuwa zile nyingine hazinao.

Kazi hiyo ya mwisho niliachiwa mimi. Katikati ya wingu palikuwa na ukungu ukungu, pamekosa uhai. Nikaipitisha picha kwenye programu ya akili unde inayonoa picha. Ikanirudishia nyuzi nyembamba za gesi, maridadi ajabu. Nikarudi kwenye zile picha mbichi kuzitafuta nyuzi hizo. Hakuna hata moja iliyokuwa nazo. Nikanyamaza. Kikundi kikapiga makofi, na majina yetu sote yakaandikwa chini ya picha.

Kwa muda mrefu nilijitetea hivi: kwani kuna picha gani isiyoguswa? Hata kuufuta mstari wa setilaiti ni kukiondoa kitu kilichokuwepo kweli. Na kama shahidi ni jicho, basi rangi yote ni uongo. Utetezi huu si wa kipuuzi. Unatuonyesha kwamba sheria ya "usiguse" haifai, na sheria ya "amini uonacho" haifai vilevile. Itabidi tutafute kigezo kingine.

Nilikipata kwenye kisa cha Andromeda. Galaksi hiyo imepigwa picha kwa zaidi ya miaka 100, na darubini kubwa kwa ndogo. Lakini mwanzoni mwa 2023 wanafalaki wa ridhaa, yaani wasiolipwa kwa kazi hiyo, wakiwemo Marcel Drechsler wa Ujerumani na Xavier Strottner na Yann Sainty wa Ufaransa, walitangaza kwamba kando yake wameona tao kubwa la mwanga wa oksijeni ambalo hakuna aliyekuwa ameliripoti. Sainty alikuwa amekusanya mwanga huo kwa saa nyingi, usiku baada ya usiku. Swali la haki likawa: je, si mwanga uliopotea tu ndani ya vioo vya darubini? Halikujibiwa kwa maneno. Mwenzao aliye Marekani alielekeza kifaa chake mahali hapo hapo. Tao likaonekana.

Hicho ndicho kigezo changu sasa. Si kama umeigusa picha, bali kama mtu mwingine, akiwa mahali pengine na kwa kifaa chake, anaweza kukikuta unachodai kukiona. Wekundu wa Orioni ataukuta. Nyuzi zangu hatazikuta milele.

Utaniuliza: ni nani aliyeumia? Nebula haiendi kortini, na mama alifurahi. Waliodhulumiwa ni wawili. Kwanza, wenzangu. Walikesha kwenye baridi ya alfajiri, nami nikawafanya mashahidi wa uongo bila wao kujua. Uongo katika kazi ya pamoja hutiwa sahihi na kila mtu. Pili, ni yule ambaye kesho ataleta kitu hafifu lakini cha kweli. Tukishazoea nyuzi za kubuni, tutaamini vipi tao lake?

Niliwaambia, safari iliyofuata, tukifunga vitu kwenye gari. Kimya. Kisha fundi wa simu akauliza, "Picha mbichi bado unazo?" Nikamwambia ninazo. "Basi tuanze upya. Na safari hii kila mtu apewe nakala."

Picha mpya ni hafifu zaidi. Katikati pana ukungu, kwa sababu hapo ndipo uwezo wetu uliishia. Nilimweleza mama kila kitu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema ile ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko hii. Hakutaka kuitupa, maanake fremu ilikuwa ya bei. Ameiweka nyuma ya kabati.

Lakini mpya ndiyo iliyo juu ya televisheni. Na wageni siku hizi huambiwa zaidi kidogo: "Ukiangalia kwa macho ni moshi tu. Lakini rangi iko. Hapo katikati bado hawajaona vizuri."