Baki ya Mmoja

Katika sensa ya usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, watu waliohesabiwa Tanzania walikuwa 61,741,120. Namba hiyo ni shufwa. Yagawanyika kwa saba pasi na baki, lakini kwa tatu hubaki mmoja. Lau karani angemruka mtoto mmoja aliyelala Buswelu, wilayani Ilemela, Mwanza, jumla ingekuwa 61,741,119: witiri, yenye kugawanyika kwa tatu sawasawa. Hesabu ingenyooka, nayo haki ingepinda. Kwani kwa jumla hiyo hupangwa madawati na dawa. Je, mmoja ni kitu mbele ya mamilioni? Mpangaji aweza kumwita baki. Lakini mamilioni yenyewe yalipatikanaje, ila kwa kuongeza mmoja mmoja, mlango kwa mlango?