Mzigo na Mchukuzi

Mtu hupima kitu kwa namna mbili. Hukipima kwa uwezo wa kitu chenyewe, au hukipima kwa haja yake mwenyewe. Kipimo cha kwanza ni cha haki; cha pili ni cha pupa. Mara nyingi vipimo hivi huchanganywa, na kosa la mpimaji likaandikwa katika hesabu ya kinachopimwa. Nataka kulitazama kosa hili katika jambo dogo, kwa sababu jambo dogo huonekana lote kwa mara moja, na jambo kubwa huonekana vipande vipande. Jambo lenyewe ni mchezo wa video unaokwamakwama katika kompyuta ya zamani.

Nyumbani kwangu yupo kijana apendaye mchezo wa kandanda wa kompyuta. Kompyuta yake ni ya mezani, ilitengenezwa mwaka 2013, na ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Jioni moja alinijia kwa uchungu. Wachezaji wake hawakimbii, bali wanaruka kama panzi. Mpira upo mguuni, mara upo wavuni, na safari ya katikati haikuonekana. "Baba," alisema, "kompyuta hii imezeeka. Haifai tena. Naomba mpya." Bei aliyoitaja ilikaribia karo ya mwaka ya dada yake. Hapo mchezo uliacha kuwa mchezo. Uligeuka swali la haki baina ya watoto wawili, na baina ya mtu na chombo chake.

Kabla ya kuhukumu, yafaa kujua jinsi macho yetu yanavyodanganywa. Katika mchezo wa video hakuna kitu kiendacho. Pana picha tu, kila moja imesimama, zikifuatana upesi hata jicho likaziunganisha na kuona mwendo. Sinema imezoea picha 24 kwa sekunde. Mchezo unaotaka picha 60 kwa sekunde huipa kompyuta milisekunde 16.7 tu za kuchora kila picha. Picha moja ikichelewa, jicho hushtuka. Kwa hiyo aibu haiko katika uchache wa picha peke yake. Iko zaidi katika kutolingana kwa mwendo wake. Picha 30 zinazofuatana kwa utulivu humridhisha mchezaji kuliko picha 60 zinazoanguka ghafla hadi 25 na kupanda tena. Ndiyo sababu michezo mingi humruhusu mchezaji kuweka kikomo cha picha kwa sekunde, na mwenye kompyuta dhaifu hufaidika akichagua kikomo ambacho chombo chake chaweza kukitimiza daima. Hata kwa wanadamu mambo ni hayo. Mwaminifu si mwenye ahadi kubwa, bali ni yule ambaye ahadi yake hutimia kila siku.

Sasa tuulize: je, kompyuta huzeeka? Mnyama huzeeka, na mti huzeeka. Nguvu zao hupungua hata wakilishwa vizuri. Lakini kichakataji kilichopiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde mwaka 2013 chaweza kupiga mapigo yale yale leo, kikiwa safi na kisipozidiwa na joto. Kilichobadilika zaidi ni mzigo. Mwaka 1965 Gordon Moore wa Marekani alitabiri kwamba idadi ya viungo katika kipande kimoja cha silikoni itaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 aliurekebisha utabiri wake kuwa kila miaka miwili. Neema hiyo ingetosha kuzifanya programu zote zipae. Lakini mwaka 1995 Niklaus Wirth, mtaalamu wa Uswisi, aliandika makala ya kutetea programu nyepesi, akalalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa haraka kuliko kompyuta zinavyozidi kuwa na kasi. Watengenezaji walipoona mchukuzi ana mabega mapana, walimwongezea magunia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aupakiaye si aubebaye.

Basi nilimwambia kijana kwamba hakimu hahukumu kabla ya kusikia mashahidi. Tuliizima kompyuta, tukaitoa katika umeme, tukaifungua. Ndani tulikuta vumbi limejikusanya katika feni na katika mapezi ya chuma yanayopooza kichakataji, limeshikana kama kitambaa. Kichakataji kikizidiwa na joto hupunguza kasi yake chenyewe kisije kikaungua. Chombo tulichokiita kivivu kilikuwa kinajiokoa na uzembe wetu. Tulisafisha, tukapaka upya dawa inayopitisha joto kati ya kichakataji na chuma chake, maana ile ya zamani ilikuwa imekauka.

Shahidi wa pili alikuwa kumbukumbu. Kompyuta ilikuwa na gigabaiti 4, na mchezo haukuwa mgeni peke yake katika nyumba hiyo. Kulikuwa na kurasa za intaneti zilizoachwa wazi, na programu kadhaa zinazojiamsha kila kompyuta inapowashwa, pasipo mtu kuziita. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya mambo katika diski, na diski ya kuzunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Hapo ndipo mchezo huganda kwa muda kisha ukaendelea. Tuliwaaga wageni wasioalikwa. Kisha tukaweka toleo jipya la programu inayoiongoza kadi ya picha, kwa kuwa ile iliyokuwamo haikuguswa kwa miaka.

Shahidi wa tatu tulimpata kwa jaribio. Tulipunguza ukubwa wa picha kutoka nukta 1920 kwa 1080 hadi nukta 1280 kwa 720. Picha ya kwanza ina nukta 2,073,600. Ya pili ina nukta 921,600, ambazo hazifiki nusu. Kama baada ya hapo mwendo usingebadilika, tungejua kwamba kikwazo kiko katika kichakataji au katika kumbukumbu. Mwendo ulibadilika sana, tukajua kwamba kadi ya picha ndiyo iliyolemewa. Tukaondoa vivuli, tukapunguza ulaini wa kingo, tukapunguza urembo wa watazamaji majukwaani. Tukaweka kikomo cha picha 30. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Kijana aliyatazama mabadiliko hayo kwa mashaka. Nyasi zilikuwa hazing'ai kama zamani, na nyuso za watazamaji zilikuwa kama madoa ya rangi. Lakini mpira ulitoka mguuni ukaenda wavuni, na safari yake yote ikaonekana. Nilimuuliza: mchezo ni kivuli cha mchezaji, au ni mchezaji? Katika swali hili naona kiini cha jambo zima. Mtu asiyejua kiini cha anachokipenda hawezi kupunguza kitu, maana kwake vyote vina thamani moja. Hulilia ganda kama anavyolilia kokwa. Anayekijua kiini hupunguza bila majonzi. Upungufu humlazimisha mtu kupambanua, na kupambanua ndiko kazi ya akili.

Waundaji wenyewe wa michezo waliwahi kufundishwa na upungufu huo. Mchezo uitwao Doom ulitolewa mwaka 1993 huko Marekani, wakati kompyuta za nyumbani zilikuwa na megabaiti chache tu za kumbukumbu. Watengenezaji wake hawakungoja kompyuta bora zizaliwe. Walitumia mpango wa kupanga kuta uliokuwa umechapishwa na wanazuoni mwaka 1980, ili kompyuta isipoteze nguvu kwa kuchora kilichofichwa nyuma ya ukuta. Tena walimpa mchezaji ruhusa ya kupunguza dirisha la mchezo na ukali wa picha kwa kadiri ya chombo chake. Umaskini wa chombo ulizaa ustadi wa akili.

Mtu aweza kunipinga akisema kwamba haya ni maneno ya kumtuliza asiye na fedha. Kwamba kinaa ni nguo nzuri ya kufunika ufukara, na kwamba baba bahili hujificha nyuma ya falsafa. Pingamizi hili lina uzito, wala silidharau. Kinaa isiyochunguza ni uvivu, na kumnyima mtoto haki yake kwa jina la kinaa ni dhuluma. Kila chombo kina mwisho wake. Pana michezo mipya ambayo kadi ya zamani haiwezi hata kuifungua. Pia pana suala la usalama: mfumo wa Windows 10 uliacha kupewa msaada wa kawaida na watengenezaji wake tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya mfumo uliofuata. Kutunzia siri za benki katika chombo kisicholindwa si kinaa, ni kujihatarisha. Wala kati ya kukitupa chombo na kukistahimili si kwamba hakuna njia. Tuliongeza gigabaiti 4 za kumbukumbu kwa sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya.

Lakini anayenunua kabla ya kuchunguza naye ana deni. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na taarifa zilizokusanywa zinaonyesha kuwa chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa njia iliyo rasmi. Ndani ya taka hizo mna risasi na zebaki, sumu zinazowaangukia watu wasiowahi kuucheza mchezo huo. Tunapolitamka neno "imezeeka", twapaswa kujiuliza kama ni ushahidi au ni udhuru. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga; nami naongeza kwamba mbacha ukunjuliwe na kukung'utwa kwanza, ndipo tujue kama umechakaa au una vumbi.

Desturi yetu kwa vyombo hufundisha mkono desturi yake kwa watu. Wapo wazee kazini na majumbani walioitwa wazito, kumbe wamepakiwa magunia ambayo hawakuyafanyia mapatano, wala hapana aliyewapunguzia hata moja. Anayezoea kuuliza "mzigo ni upi?" kabla ya kusema "mchukuzi ni dhaifu" atakuwa amejifunza jambo lenye faida kubwa kuliko mchezo.

Karo ya binti ililipwa kwa wakati wake. Jioni ile ndugu yake alifungwa mabao matatu kwa moja. Alimlaumu beki wake, akamlaumu kipa, kisha akajilaumu mwenyewe. Kompyuta hakuilaumu.