Moto Niliofukia



Vijana wenzangu, najua parokia nyingi sasa hivi mko kwenye vikao vya kambi. Michango, basi, nani atapika, nani atabeba gitaa. Leo naomba niongelee moto. Sio moto wa Roho Mtakatifu, huo mtahubiriwa sana mkifika kambini. Naongelea moto wa kuni, ule tunaouzunguka usiku tukiimba na kutoa ushuhuda. Mwenzenu nina deni nao.

Miaka michache iliyopita tulipiga kambi milima ya Usambara, upande wa Lushoto, mwezi wa saba. Anayeijua Lushoto ya mwezi wa saba anajua baridi yake, unaongea na mvuke unatoka mdomoni. Tulipewa kiwanja pembeni ya mikaratusi, na chini yetu kwenye mteremko kulikuwa na mashamba ya wenyeji, mahindi yameshavunwa. Mimi nilikuwa mkuu wa moto. Cheo hicho nilikiomba mwenyewe, nikijua nani anakaa karibu na moto na nani anapigwa picha.

Usiku wa pili tuliimba mpaka karibu saa sita. Baada ya sala ya usiku wenzangu wakaingia kwenye mahema, nikabaki na makaa mekundu. Ndoo ya maji ilikuwepo, lakini yale yalikuwa maji ya chai ya asubuhi, na kisima kilikuwa bondeni kabisa. Nikachukua koleo, nikafukia makaa kwa udongo, nikakanyaga juu mara tatu nne. Sista mlezi akauliza kutoka hemani, "Moto umezimika?" Nikajibu, "Umezimika, Sista." Nikalala vizuri tu.

Sasa fikiria, bibi zetu kijijini walikuwa wanafanya nini kila usiku? Walifukia kaa kwenye jivu ili asubuhi walikute hai, wasihangaike na kibiriti. Kufukia ni namna ya kutunza moto. Mimi niliyekulia kwa bibi nilikuwa najua hilo tangu utoto, ila usiku ule uvivu ulinisahaulisha. Na ardhi ya pale chini ya mikaratusi ni majani yaliyorundikana miaka na mizizi mikavu, na majani ya mkaratusi yana mafuta. Kaa likipata mzizi linatembea nao chini kwa chini.

Alfajiri, upepo ulipoanza, moto ukatokea hatua chache kutoka nilipoufukia, ukashuka mteremko. Tuliposhtuka na harufu ya moshi, majirani walikuwa wameshauzima kwa matawi mabichi na ndoo. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini lundo la mabua ya mahindi ambalo mzee mmoja aliliweka kwa ajili ya ng'ombe wake liliisha lote, pamoja na kipande cha uzio.

Mzee mwenyewe akapanda kutufuata. Tukamwamkia. Akaitikia, akauliza kwa upole, "Wajukuu zangu, moto huu ni wenu?"

Nikawahi kujibu kabla ya mtu yeyote. "Hapana Babu. Wetu tuliuzima jana usiku."

Akatazama mstari mweusi ulioanzia kwetu mpaka shambani kwake. Akasema, "Haya." Akaondoka. Nimewahi kugombezwa sana maishani, lakini hakuna kilichoniingia kama ile "haya".

Petro alimkana Bwana akiota moto. Yohane anataja kabisa kwamba ulikuwa moto wa makaa, kwenye ua wa kuhani mkuu, na kulikuwa na baridi (Yoh 18:18). Kisha baada ya ufufuko, kule ziwani, Yesu anawangojea wanafunzi na samaki juu ya moto wa makaa tena (Yoh 21:9). Neno alilotumia Yohane kwa Kigiriki linaonekana mara hizo mbili tu katika Agano Jipya lote. Nilikuwa nimewahi kuisikia hiyo kwenye semina nikaiona ni elimu nzuri tu. Asubuhi ile nilielewa kwamba Yesu hakumwita Petro pembeni mahali pasafi wakaanze upya kama vile hakuna kilichotokea. Alimrudisha kwenye harufu ileile ya moshi.

Nikaenda kwa Padre kuungama. Nilitegemea Salamu Maria kadhaa mambo yaishe. Padre akanisikiliza, kisha akauliza, "Na ng'ombe wa yule mzee atakula nini wiki hii?" Sikuwa na jibu. Katekisimu namba 1459 inafundisha kwamba ondoleo linafuta dhambi, lakini madhara ambayo dhambi imeyaleta hayajirekebishi yenyewe. Aliyemuumiza jirani anatakiwa afanye kila linalowezekana kumtengenezea. Na kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kina sheria ambayo ni kama iliandikwa kwa ajili yangu: moto ukitoka, ukashika miiba, ukaunguza nafaka iliyolundikwa au shamba, aliyeuwasha atalipa. Haiulizi kama alikusudia. Inauliza nani aliwasha.

Basi nikashuka kwa mzee. "Shikamoo Babu." "Marahaba." Nikamwambia moto ulikuwa wangu na kwamba nilimdanganya. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa nakungoja." Halafu akaniambia twende. Tukapanda mpaka penye moto wetu, akafukua udongo kwa fimbo yake, akasema, "Weka mkono." Niliusogeza tu nikaurudisha haraka. Saa nne asubuhi, bado pana moto!

Yeye ndiye aliyenifundisha kuzima, na hapa naomba mlio kwenye kamati mchukue kalamu. Moto uache upungue wenyewe nusu saa kabla ya kulala. Mwaga maji taratibu, koroga majivu na makaa kwa kijiti mpaka chini, geuza vijinga upande wa pili, mwaga tena. Endelea mpaka isisikike "shsss". Kisha pitisha mgongo wa kiganja karibu na majivu, ukiona ni baridi gusa. Kama hapagusiki, hapaachiki. Maji ya chai yatapatikana asubuhi, hata mkinywa saa tatu.

Kuuwasha nako kuna taratibu zake. Ulizeni kwanza mwenyeji au mlinzi wa msitu kama moto unaruhusiwa. Kiangazi kikiwa kikali au upepo mwingi, imbeni na tochi, Mungu anasikia tu. Mahali pawe wazi, mbali na mahema na matawi yanayoning'inia. Fyekeni na kufagia majani mpaka udongo uonekane, kama mita 3 kila upande, mchimbe shimo fupi mzungushie mawe makavu. Mawe ya mtoni msiyaguse, yana maji ndani na yakipata moto hupasuka. Moto usizidi urefu wa goti. Jamani, ule moto mkubwa wa kurusha cheche juu ni wa picha, hauwapi joto zaidi, maana hamuwezi kuusogelea. Petroli au mafuta ya taa kwenye moto, hapana, hata "kidogo tu". Kanga na mitandio ya nailoni ifungwe vizuri. Na mtu mmoja awe na zamu ya kuuangalia, ndoo ikiwa imejaa pembeni yake.

Mkiokota kuni, angalieni kilichomo. Paulo alipookoka melini akafika Malta, alikusanya mzigo wa kuni akautia motoni, nyoka akatoka kwa joto akamng'ang'ania mkono (Mdo 28:3). Yeye hakudhurika. Wewe tumia fimbo kwanza.

Kuna jambo moja siwezi kuliruka. Usiku ukiwa wa baridi kuna watakaotaka kuingiza jiko la mkaa hemani. Msikubali kabisa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Na msidhani haya ni ya watoto wa kambi tu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Mlima Kilimanjaro eneo la Whona, mamia ya watu wakapanda kuupambania, na ulichukua siku nyingi kuudhibiti. Taarifa za mwanzo za TANAPA zilisema ulianza wakati watu wakipasha chakula. Chakula tu. Mtume Yakobo alishaonya jinsi moto mdogo unavyoweza kuteketeza msitu mkubwa, ingawa yeye alikuwa anaongelea ulimi. Mimi asubuhi ile nilikuwa na vyote viwili.

Siku iliyobaki ratiba ilivunjwa. Semina ya mchana haikufanyika. Wavulana walijenga uzio, wasichana na Sista wakakata majani ya ng'ombe, na mimi nikayabeba kichwani mpaka shingo ikakataa. Tulichanga pia hela ya mabua. Padre mwenyewe alishika panga. Katika Mambo ya Walawi sura ya 6, kuhani ndiye anayezoa majivu ya madhabahu kila asubuhi na kuyapeleka nje ya kambi. Nilimkumbuka nikimwona Padre amekunja mikono ya shati, ana jivu mpaka kwenye nyusi.

Mwaka huu tunarudi palepale. Kamati imeniuliza kama niko tayari kuwa mkuu wa moto tena, nikasema ndiyo, ila ndoo ziwe tatu na maji ya moto yasihesabiwe pamoja na ya chai. Nimempigia Babu simu. Amesema tukifika tusiwashe chochote kwanza, tupitie kwake, atatuonyesha mahali. Kisha akauliza kama yule Sista anayejua kukata majani anakuja.