Unyoya Nyuma ya Mshale

Kuna wosia unaozunguka sana siku hizi kati yetu vijana wa mjini: kata kila kinachokurudisha nyuma. Simu za nyumbani, michango ya harusi na matanga, karo ya mdogo wako, mjomba anayepiga kila Ijumaa kuuliza kama umepata kazi "ya maana". Kata, songa mbele. Wosia huu unanikera, hasa kwa sababu nusu yake ni kweli.

Hebu tuupime kwa vitu ambavyo kazi yao ni kwenda mbele tu.

Tarehe 15 Oktoba 1997, katika jangwa la Black Rock, Nevada, Marekani, rubani Mwingereza Andy Green aliendesha gari liitwalo ThrustSSC kwa kilomita 1,228 kwa saa. Ndilo gari la kwanza kuweka rekodi ya ardhini likiwa na kasi kuliko sauti. Lilisukumwa na injini mbili za ndege ya kivita, lakini nguvu peke yake isingetosha. Kwa mwendo huo, gari likipinda kidogo tu, upepo unalishika ubavuni na kulipindua. Kwa hivyo injini, ambazo ni nzito, ziliwekwa upande wa mbele, na nyuma kukasimama pezi la mkia kama la ndege.

Mzee wa Kilungu aliyewahi kushika uta hahitaji kuchorewa jambo hili. Ukambani tunajulikana kwa upinde tangu zamani, na mshale umejengwa hivyo hivyo: chuma mbele, manyoya nyuma. Chukua kijiti, bandika tope upande mmoja, kisha kirushe tope likiwa nyuma. Kitageuka angani. Uzito ukiwa nyuma, kosa dogo linakua. Ukiwa mbele, na nyuma kukiwa na kitu chepesi cha kushika upepo, kosa linajirekebisha.

Donald Campbell alilipia somo la kuyumba. Mwaka 1960 gari lake, Bluebird, lilimshinda kwenye chumvi ya Bonneville, Utah, likaruka na kuvunjika, naye akapasuka fuvu. Lilipojengwa upya liliongezewa pezi refu la mkia. Mwaka 1964, kwenye ziwa kavu la Eyre, Australia, alifikisha kilomita 648 kwa saa na kuweka rekodi. Pezi huongeza ukinzani wa hewa, yaani linakuvuta nyuma. Lakini alilikubali.

Kwa hivyo si kila kinachokuvuta nyuma ni adui. Swali ni: ni unyoya au ni gunia? Ukiona Probox inayopanda Nunguni, buti limejaa magunia mpaka pua ya gari inatazama mawingu, unajua gunia ni nini. Dereva anazungusha usukani na gari linamjibu likitaka.

Unyoya una tabia tofauti. Ukienda sawa, karibu usisikie kama upo. Unakusukuma pale tu unapopinda. Nilipoacha chuo, wengi walikuwa na hotuba. Mama aliuliza, "Umeamua kuandika?" Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo anaulizia jambo hilo nikipitisha wiki nyingi bila kutaja kazi: "Kwani bado unaandika?" Maneno matatu tu, na usiku huo nakaa mezani.

Mjomba wa Ijumaa ni spidi gavana. Gavana haijali kama barabara imenyooka au imepinda. Ukifika themanini inakubana. Sisemi haina kazi. Nasema tu tusiiite unyoya.

Lakini karo ya mdogo wako si unyoya wala gavana. Ni uzito wa kweli, na hapa ndipo wosia wa "kata" unapokosea zaidi. Chuma cha mshale pia ni kizito, na ndicho kinachotoboa. Hakuna anayekitupa ili mshale uwe mwepesi. Anakiweka mbele. Karo niliyokuwa nikilipa kwa mabaki ya mwezi, kwa kununa, ilinitikisa kila muhula. Nilipoipangia kabla ya kodi ya nyumba, nikaitafutia kazi yake maalum, pesa haikuongezeka, lakini nilijua naelekea wapi na kwa nini. Mzigo niliouchagua ukawa sehemu ya safari.

Basi tusidanganyane kwamba uhuru ni wepesi. Kijiti kisicho na chuma wala manyoya ni chepesi sana, na kinaanguka popote.

Ila wazee nao wasikie upande wao. Unyoya hauchagui shabaha. Unamsaidia aliyelenga afike alikolenga, basi. Anayetaka kunichagulia shabaha kwa jina la kuninyoosha, huyo ameacha kuwa unyoya. Sasa anataka kushika uta.