Nivute Hewa Gani?

Shangazi yangu ana pumu. Hukaanga mandazi Korogocho kwa jiko la kuni, na upepo ukigeuka, moshi wa jaa la Dandora humfikia papo hapo kibandani. Majuzi nilimtembelea na mkeka wangu wa yoga, nikajifanya mwalimu.

"Shangazi, keti wima. Vuta pumzi kwa pua, hesabu hadi nne. Sasa itoe polepole, hadi sita."

Akajaribu mara tatu, akakohoa, akanitazama. "Mwanangu, nimekusikia. Lakini nivute hewa gani?"

Nilinyamaza.

Yoga siikani. Mimi pia nina pumu. Ikibana, njia za hewa huwa nyembamba, na mara nyingi kazi ngumu ni kutoa hewa iliyokwama ndani kuliko kuingiza nyingine. Ukishikwa na woga unahema mbio mbio, basi unazidi kuchoka. Pranayama, mazoezi ya pumzi ya yoga, hukuzoesha kwenda taratibu na kurefusha kutoa. Mwaka 2016 Cochrane walichapisha mapitio ya majaribio 15 yenye washiriki 1,048: yoga huenda inapunguza kidogo dalili za pumu na kumpa mgonjwa nafuu ya maisha. Kidogo tu. Inhela yangu haitoki mfukoni.

Lakini shangazi hakuniuliza habari za tiba. Aliuliza habari za haki. Jaa lile lilifunguliwa 1975, likatangazwa kujaa 2001, na malori bado yanaingia. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Na taka je, si zetu? Mimi hunyoosha viungo chini ya miti ya Karura, halafu nyumbani nafunga mfuko wa takataka bila kuuliza unaenda wapi. Kisha naenda kumwambia shangazi apumue vizuri, kana kwamba kifua chake kinabanwa na uzembe wake.

Pumzi na kupumzika ni maneno ya mzizi mmoja. Asiyepata pumzi atapumzikaje?

Nilifikiria kuacha kumfundisha, nisije nikawa namzoesha dhuluma. Juzi akanipigia simu. Usiku kifua kilimbana, akavuta inhela, akahesabu nne, akahesabu sita. "Woga ulipungua," akasema. "Utakuja lini tena?"

Basi kumnyima nayo ingekuwa dhuluma nyingine. Kosa langu halikuwa kumfundisha. Lilikuwa kudhani nimemaliza. Jumamosi nitarudi na mkeka. Majirani zake wanaandika barua kwa mwakilishi wadi kuhusu moshi, na wameniomba niwasaidie kuipiga chapa. Nyumbani nimeanza kutenga maganda nisiyatie mfukoni. Ni kidogo, najua. Swali lake bado sijalijibu.