Je, Yafaa Kusadiki Kisichoonekana?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini je, dalili peke yake yatosha kutufanya tuseme kwamba jambo lipo? Swali hilo linawakabili pia wataalamu wa nyota.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky aligundua kwamba galaksi za kundi la Coma zaenda mbio mno, hata uzito unaoonekana usingeweza kuzishika pamoja. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford wakatangaza vipimo vya galaksi ya Andromeda: sehemu za pembezoni hazikupunguza mwendo kama ilivyotazamiwa. Hivyo wengi hukubali kwamba iko maada ya giza, isiyotoa nuru, tunayoijua kwa uvutano wake tu. Yakadiriwa kuwa mara 5 ya maada ya kawaida.

Wengine hudhani kwamba hiyo nayo ina atomu zake, zilizoshikana kwa nguvu tusiyoihisi. Hata hivyo hawaishii kudhani. Hueleza na alama ambazo atomu hizo zingeacha. Zingeweza kupoa na kujikusanya kama sahani ndani ya galaksi. Basi alama hizo hutafutwa, maana hakuna aliyekwisha kuinasa chembe hata moja.

Uangalifu huo una sababu. Sayari Uranus ilipoonekana ikienda kombo, Le Verrier alipiga hesabu ya sayari isiyojulikana, na mwaka 1846 Galle akaiona Neptune karibu kabisa na mahali palipotajwa. Baadaye Mercury nayo ikaenda kombo. Le Verrier akasema iko sayari nyingine, ikaitwa Vulcan. Ikatafutwa miaka mingi, kumbe haiko. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kwamba kilichopungua si sayari, bali ufahamu wetu wa uvutano wenyewe.

Mtu ni yule yule, njia ni ile ile. Mara ya kwanza kweli, mara ya pili sivyo. Kuwaza juu ya kisichoonekana si kosa. Kosa ni kukipa jina, kisha kukataa kisipimwe.

Nasi je? Mtoto akiugua, mara ngapi tumesema “lisemwalo lipo,” na jirani akatajwa kuwa mchawi? Ugonjwa ni wa kweli, naam. Lakini kutoka kwenye ugonjwa mpaka jina la mtu ni safari ndefu. Vulcan haikuumia kwa kutajwa bure. Jirani huumia.